Wapi pa Kukata Umeme na Wapi pa Kuuacha



Kwenye bodi ya umeme ya nyumba iliyofungwa vizuri kuna swichi yenye kitufe kidogo cha majaribio. Mafundi wa leo huiita RCD, wa zamani bado wanaiita ELCB. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, maana yake umeme unavuja mahali fulani, pengine kupitia mwili wa mtoto aliyeshika pasi yenye waya uliochubuka, na swichi inakata kabla hujamaliza kupepesa jicho. Ningependa kila nyumba nchini iwe nayo.

Sasa ingia katika chumba cha upasuaji kilichojengwa kwa kufuata viwango. Fuata nyaya zinazolisha mashine ya usingizi, mashine ya kupumulia na taa iliyo juu ya meza. Hiyo swichi huikuti, wala mkandarasi hakuiiba. Imeachwa kwa makusudi, kwa sababu mgonjwa aliyefunguliwa kifua hawezi kusubiri fundi aje na tochi kutafuta kilichoangusha swichi. Kinga inayomwokoa mtoto sebuleni ingemuua mgonjwa mezani.

Hapo ndipo penye mgogoro niliokuja kuuzungumzia. Kwa miaka yote tumefundishwa kwamba usalama wa umeme ni kukata: fyuzi inakata, breka inakata, fundi mwenye busara anakata kwanza ndipo aguse. Lakini katika maeneo nyeti, yaani hospitali, viwanja vya ndege, vituo vya kuongozea mitambo, visima vya maji vya mji mzima, umeme ukikatika tu tayari ni hatari. Hoja yangu ni kwamba mahali pengi palipoingia giza hapakukosa umeme wa akiba. Palikosa mtu aliyekaa mapema, penseli mkononi, akaamua wapi pakatwe na wapi pasiguswe. Asipoamua mtu, kifaa kitaamua chenyewe, nacho kitaamua kwa faida yake.

Turudi kwenye chumba cha upasuaji, maana ndipo wahandisi walipoumiza vichwa zaidi. Badala ya kukata, tunaweka transfoma ya kutenganisha, ambayo upande wake wa pili haukufungwa ardhini popote. Ndege hutua kwenye waya wa umeme asidhurike kwa kuwa umeme hauna njia ya kurudi kupitia kwake. Chumba hiki kimejengwa ili daktari, muuguzi na mgonjwa wote wawe katika hali ya ndege huyo. Waya mmoja ukichubuka na kugusa fremu ya meza, hakuna shoti wala breka inayoanguka. Hitilafu ya kwanza inasamehewa. Kifaa kidogo cha ukutani, kinachopima insulesheni saa zote, ndicho kinachowasha taa ya njano na kulia pindi insulesheni inaposhuka chini ya kiloomu 50. Daktari anamaliza kushona, mgonjwa anatolewa, ndipo fundi anaingia kutafuta mashine yenye kasoro.

Hitilafu ya pili haisamehewi. Waya wa pili ukigusa nao, hiyo ni shoti kamili, na chumba kizima kinaweza kuzimika katikati ya upasuaji. Kwa hiyo ule mlio na ile taa ya njano ndiyo kinga yenyewe, si nyongeza. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja nimewahi kukuta kitundu cha mlio huo kimezibwa kwa plasta ya vidonda, imebandikwa kwa ustadi kabisa, pembe zake zimekatwa kwa mkasi. Aliyeibandika hakuwa mzembe. Kifaa kilikuwa kinalia kila siku, taarifa ilikuwa imepelekwa ofisi ya matengenezo, na hakuna aliyekuja. Ungekuwa wewe umeshika sindano ungefanyaje? Kengele isiyo na mtu wa kuiitikia ni kelele, na kelele huzimwa.

Jambo moja la historia, kwa vijana. Utaratibu huu wa kutofunga waya ardhini ulienea Marekani miaka ya 1940 kwa sababu nyingine kabisa. Dawa za usingizi za wakati huo, etha na saiklopropani, zililipuka, na cheche moja ya shoti ingetosha kulipua chumba. Dawa hizo zimekwisha kuondoka katika vyumba vya upasuaji, lakini transfoma imebaki, kwa kuwa maji, damu na nyaya vinaendelea kukutana sakafuni.

Kuna pia suala la kiasi. Miliampea 30 ni kidogo kwa mtu anayeshikwa na umeme mkononi, maana ngozi na misuli vinaugawa. Lakini mgonjwa aliyeingizwa mrija mpaka moyoni hana ngozi ya kumkinga. Kwa vifaa vinavyogusa moyo moja kwa moja, viwango vya kimataifa haviruhusu uvujaji wa zaidi ya maikroampea 10 katika hali ya kawaida. Ile swichi ya nyumbani ingesubiri uvujaji uwe mkubwa mara 3,000 kuliko huo ndipo ishtuke. Ndiyo maana kila chuma kilicho karibu na kitanda cha mgonjwa huyo, kuanzia fremu na bomba la oksijeni hadi sinki, huunganishwa kwa waya wa kijani na njano katika sehemu moja, ili kati ya chuma na chuma pasiwe na tofauti ya msongo. Waya huo haufanyi kazi yoyote inayoonekana. Nimeona mafundi wakiukata wanapobadilisha vigae na kuuacha ukining'inia nyuma ya ukuta, na hospitali ikaendelea kama kawaida, kwa kuwa hakuna taa inayozimika waya wa ethi unapokatwa.

Na hata pale tunapokubali kukata, lazima tujue nani akate. Birika la chai la chumba cha wauguzi likipiga shoti, ianguke breka ya soketi ile tu. Ikianguka meni swichi ya jengo, wodi nne zimeingia gizani kwa ajili ya chai. Hilo hupangwa kwa hesabu, kila breka ipewe zamu yake, ndogo itangulie kubwa. Kinachoharibu hesabu hiyo ni duka la vifaa. Breka ya ampea 32 inaanguka-anguka, dukani ipo ya 63 tu, inafungwa ya 63, na kuanzia siku hiyo mchoro uliobandikwa mlangoni ni pambo. Sitalirefusha hili, mnalijua kuliko mimi.

Niwapeleke Sweden. Tarehe 25 Julai 2006, katika mtambo wa nyuklia wa Forsmark, mafundi wa gridi walikuwa kazini kwenye uwanja wa swichi wa kilovolti 400, nje ya kinu namba 1. Kisu cha kutenganishia njia kikafunguliwa kikiwa kinapitisha umeme, cheche kubwa ikaruka, shoti ikatokea. Kinu kikajitenga na gridi kama ilivyopangwa. Msongo ndani ya mtambo ukashuka, kisha ukaruka juu kupita kiwango chake kwa kitambo kifupi sana.

Forsmark ilikuwa imejiandaa kwa siku kama hiyo. Ilikuwa na mikondo minne ya umeme wa dharura, kila mmoja na jenereta yake ya dizeli, betri zake na UPS yake. Mikondo miwili ingetosha kukipoza kinu. UPS ndiyo inayoziba pengo: gridi ikiondoka, inachukua umeme wa betri na kuvilisha vyombo vya kupimia mpaka jenereta ipokee. Sasa sikilizeni kilichotokea. UPS mbili zilihisi msongo umezidi, zikajizima ili zisiungue. Betri nyuma yake zilikuwa zimejaa. Jenereta zote nne ziliwaka, lakini mbili hazikuweza kujiunga na bodi zake, kwa sababu kipimo cha kasi ya mzunguko wake kilitegemea umeme wa zile UPS zilizojizima. Katika chumba cha kuongozea, baadhi ya skrini zikawa nyeusi. Ilichukua dakika ishirini na kitu waendeshaji kurudisha umeme kwa mkono.

Mikondo miwili iliyobaki ilifanya kazi, na hakuna aliyedhurika. Lakini UPS za mikondo yote minne zilikuwa za muundo mmoja, na hapakuwa na ukuta wowote wa kihandisi uliozuia zote zisianguke kwa pigo lilelile. Yule aliyeipanga UPS alifikiri kama mwuza UPS: mashine yangu isiungue. Katika ofisi yenye kompyuta kumi, sawa. Katika mtambo wa nyuklia ni afadhali UPS iungue huku inalisha vipimo, kuliko ibaki nzima huku waendeshaji hawaoni kitu. Kinga ya mashine na kinga ya kazi ya mashine ni vitu viwili, na kwenye orodha ya bei vimeandikwa pamoja kana kwamba ni kimoja.

Kisa cha New York kinauma zaidi. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2012 dhoruba ya Sandy iliusukuma Mto East mpaka kwenye vyumba vya chini vya hospitali mbili jirani za Manhattan, NYU Langone na Bellevue. Zote mbili zilikuwa na jenereta juu, mbali na maji. Bellevue, kwa mfano, ilikuwa nazo ghorofa ya 13. Mtu angepita akakagua angesema mafuriko hayatazifikia, na kweli hayakuzifikia. Lakini matangi makubwa ya mafuta na pampu za kuyapandisha yalikuwa chini kabisa. Huko NYU Langone vihisi vya chumba cha mafuta vilivyogundua maji vikazima pampu, na jenereta zilizokuwa zima na kavu zikafa kwa njaa. Wagonjwa zaidi ya 300 wakahamishwa usiku uleule. Miongoni mwao walikuwamo watoto wachanga 20 wa chumba cha uangalizi maalumu, walioshushwa kwa ngazi kutoka ghorofa ya tisa, muuguzi amembeba mtoto kifuani, na kwa wale wasioweza kupumua wenyewe mkono unaminya mfuko wa hewa, hatua baada ya hatua, kwa mwanga wa tochi.

Bellevue pampu zilizama, lakini watu wakakataa jenereta zife. Watumishi na askari wa National Guard wakajipanga kwenye ngazi kutoka chini mpaka ghorofa ya 13, wakapitisha madumu ya dizeli mkono kwa mkono, yaliyojaa yakipanda, matupu yakishuka. Jenereta ziliendelea kufanya kazi. Hata hivyo, siku zilizofuata hospitali ililazimika kuhamisha wagonjwa wapatao 700, maana huwezi kuendesha hospitali kwa ngazi.

Mtauliza: mpumbavu gani aliweka pampu chini? Hakuna mpumbavu. Kanuni za moto za jiji hazitaki mafuta mengi yahifadhiwe juu ya vichwa vya watu, nazo zina haki. Kihisi kilichozima pampu kilifanya kazi yake pia, maana majimaji kwenye chumba cha mafuta kwa kawaida ni dizeli inayovuja, na dizeli inayovuja hutakiwi kuendelea kuisukuma. Kila uamuzi peke yake ulikuwa wa usalama. Hakuna aliyeuliza: ikiwa majimaji hayo ni mto, tunataka pampu izime au iendelee? Swali hilo lingejibiwa kwa pampu inayofanya kazi ndani ya maji, au kwa tangi dogo la juu lenye mafuta ya saa nyingi zaidi. Bei yake si ya kutisha ukiilinganisha na kuhamisha wagonjwa 300 usiku wa dhoruba.

Mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, Japani, mmeusikia vya kutosha, nitaugusa kwa jambo moja. Wimbi la tsunami la tarehe 11 Machi 2011 liliacha jenereta moja tu kati ya 13 ikifanya kazi, ile ya kinu namba 6 iliyopozwa kwa hewa. Lisilosemwa sana ni kwamba jenereta nyingine mbili za aina hiyohiyo, za vinu namba 2 na 4, hazikufikwa na maji. Zilibaki nzima. Kilichozama ni bodi za swichi zilizo chini yake, ambazo umeme wake ulipaswa kupitia. Mtu anaponionyesha jenereta mpya inayong'aa na kuniambia hospitali yake iko salama, huwa namwomba anionyeshe bodi na kebo. Jenereta huzinduliwa kwa utepe na hotuba. Sijawahi kualikwa kwenye uzinduzi wa kebo.

Kwetu Afrika Mashariki hatuhitaji tsunami. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote iliingia gizani, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao ukakosa umeme kwa saa kadhaa kwa kuwa jenereta iliyopaswa kuhudumia jengo la abiria la kimataifa haikuwaka. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliwaomba radhi wananchi, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini. Giza la nchi nzima likarudi Novemba na Desemba mwaka huohuo. Kumfukuza mkubwa ni haki ya mwajiri, ila jenereta haisomi barua.

Zanzibar ilitoa somo refu zaidi. Unguja ilikuwa inategemea kebo moja iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mei 2008 kebo ikaharibika na kisiwa kikakaa gizani karibu wiki nne. Desemba 2009 hitilafu nyingine, na safari hii umeme ulirudi Machi 2010. Tofauti ya misiba hii na ile ya New York ni muda, na muda hubadilisha uhandisi. Jenereta ya dharura hununuliwa kwa mawazo ya saa chache. Wiki nne ni saa 672. Jenereta nyingi za dizeli hutaka kubadilishiwa oili kila baada ya saa 250 hivi, na kubadilisha oili lazima uizime. Je, wodi ya wazazi utaiambia ikae gizani saa ngapi? Ukiwa na jenereta moja, huna jibu zuri. Ukiwa nazo mbili ndogo badala ya moja kubwa, jibu unalo, hata kama jumla ya nguvu ni ileile. Tena umeme wa Unguja ndio unaovuta maji visimani, kwa hiyo hospitali iliyojaza tangi la dizeli iligundua kwamba haina maji ya kuoshea vyombo. Kebo mpya ya megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013, na watu wakapumua.

Nieleze kidogo kuhusu daftari la jenereta, kwa kuwa naamini hospitali nyingi zinapimwa humo kuliko kwenye ripoti za washauri.

Daftari ninalolifikiria lina jalada gumu la buluu na limechorwa mistari kwa rula: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, mafuta, mzigo, maoni, sahihi. Kila Jumatatu asubuhi imewashwa dakika kumi. Safu ya maoni, ukurasa baada ya ukurasa, imeandikwa "sawa", kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Safu ya mzigo ni tupu kuanzia ukurasa wa kwanza. Yaani jenereta imekuwa ikiwashwa bila kubebeshwa kitu chochote, ikinguruma peke yake uani, kisha inazimwa.

Majaribio ya namna hiyo yanathibitisha kwamba betri ya kuwashia ni nzima, basi. Hayathibitishi kwamba chenjiova, ile swichi inayohamisha mzigo kutoka gridi kwenda kwenye jenereta, itageuka, wala kwamba jenereta itastahimili mashine ya kufulia, lifti na friji za damu vikiingia kwa mpigo. Zaidi ya hapo yanaiharibu. Dizeli inayozunguka bila mzigo haipati joto la kutosha kuchoma mafuta yote. Masizi na mafuta mabichi yanaganda kwenye bomba la moshi na kwenye valvu, na siku ya mzigo mzito inakohoa na kuzima. Kiwango cha Marekani, NFPA 110, kinataka kila mwezi ibebe angalau asilimia 30 ya uwezo wake kwa dakika 30. Mafuta nayo huzeeka. Unyevu ukitua chini ya tangi, vijidudu huota pale maji yanapokutana na dizeli, na utelezi wao huziba chujio saa mbili baada ya kuwasha, wakati kila mtu ameshatulia.

Kwa hiyo jaribio la kweli ni moja: ukate umeme wa gridi mwenyewe. Uende kwenye swichi kuu, saa nne asubuhi, siku iliyotangazwa, upasuaji umesimamishwa, wauguzi wa chumba cha mahututi wamesimama kando ya vitanda na mifuko ya hewa mkononi, fundi mmoja yuko kwenye jenereta na mwingine kwenye chenjiova, na ukate. Kisha uhesabu sekunde. Taa ya meza ya upasuaji inapaswa kurudi ndani ya nusu sekunde, jambo ambalo jenereta haiwezi, lazima betri ifanye. Huduma nyingine za dharura zina sekunde 15. Mara ya kwanza kufanya hivyo kitu kitafeli, nakuahidi. Kifeli saa nne asubuhi mbele ya mafundi, kuliko saa tisa usiku mbele ya mlinzi.

Nimewahi kuambiwa na mganga mkuu mmoja: "Mhandisi, unataka nikate umeme wa hospitali yangu kwa mkono wangu? Mgonjwa akifa?" Ni swali la haki, na silidharau. Jibu langu ni kwamba iko siku umeme utakatika tu. Tofauti ni kama siku hiyo utakuwa umeichagua wewe.

Kabla sijafika mwisho, neno kwa ajili ya mafundi wa laini, ambao hawamo ukumbini kwa kuwa bila shaka mtu anawapigia simu sasa hivi. Chenjiova haikuwekwa kwa ajili ya urahisi wa mwenye jenereta. Imewekwa ili umeme wa jenereta usitoke nje. Zahanati inayochomeka jenereta yake kwenye soketi ya ukutani, kwa ule waya wenye plagi pande zote mbili, inausukuma umeme kinyumenyume mpaka kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haijui upande upi ni wa juu na upi wa chini, itapandisha volti 400 kuwa 11,000 au 33,000. Fundi aliye juu ya nguzo ameambiwa njia imezimwa, na kweli imezimwa, kituoni. Hapa sina mgogoro wowote wa kuwapa: hapa pakatwe, pafungwe kwa kufuli, ufunguo akae nao aliyepanda nguzo, na njia ifungwe ardhini pande zote mbili za mahali anapofanyia kazi.

Na sasa uwanja wa ndege wa Heathrow, kwa wale wanaodhani haya ni matatizo ya nchi zisizo na fedha. Usiku wa tarehe 20 Machi 2025 transfoma ya kituo cha kupozea umeme cha North Hyde, magharibi ya London, ilishika moto, na kesho yake uwanja ule ulifungwa karibu siku nzima, safari zaidi ya 1,300 zikavurugika. Uwanja ulikuwa na njia tatu za kuingizia umeme, na mbili zilikuwa zima. Lakini kuuhamishia mzigo kwenye njia hizo kulihitaji kupanga upya mtandao wa ndani kwa saa nyingi, maana mtandao ule haukujengwa ili uhame haraka. Uchunguzi ulioitishwa na serikali ulionyesha kwamba moto ulianzia kwenye bushi ya transfoma, ile shingo inayopitisha waya wa msongo mkubwa kuingia ndani ya tangi, na kwamba kwa uwezekano mkubwa unyevu ndio ulioiharibu. Sampuli ya mafuta iliyochukuliwa Julai 2018 ilikuwa imeonyesha unyevu mwingi. Bushi haikubadilishwa. Kuibadilisha kungelazimu transfoma izimwe kwa muda, kwa mpango, kwa idhini ya mtu. Miaka karibu saba ikapita.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri na hospitali, sianzi na ukubwa wa jenereta. Naomba jina la mtu mwenye mamlaka ya kuzima, na nambari yake ya simu, iandikwe kwenye mlango wa bodi kuu. Naomba mganga mkuu atie sahihi ratiba ya siku za kukata kwa mwaka mzima, ijulikane na wauguzi kabla ya mafundi. Kisha nakwenda kwa mhasibu. Dizeli ya kuendeshea majaribio yenye mzigo ni ghali, na ikiwekwa kwenye fungu la jumla la mafuta, pamoja na gari la wagonjwa na gari la mkurugenzi, kufikia robo ya tatu ya mwaka wa fedha itakuwa imekwisha, na daftari litarudia kuandikwa "sawa". Naomba fungu hilo lipewe mstari wake peke yake kwenye bajeti, na lisihamishwe bila sahihi ya daktari wa chumba cha mahututi. Wahasibu hunikatalia mara nyingi. Ndugu Mwenyekiti, naona wawili wamekaa safu ya mbele. Ningependa maswali yaanzie kwao.